Chumvi Yenye Picha ya Moyo

Kule kantini ya kiwanda cha nguo walimwita Ulimi, na jina hilo hakulipata kwa umbea. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mnene kiasi, mkali kupita kiasi, na kwa miaka ishirini na tatu ndiye aliyepika chakula cha mchana cha wafanyakazi mia nne. Kila siku kabla ya kengele alipita kwenye masufuria na kijiko chake kimoja. Anaonja, anatoa hukumu: "Hii imepungua. Hii sawa. Hii nani kaitia chumvi mara mbili?" Na kweli, ukiulizia, utakuta watu wawili wametia, kila mmoja akidhani mwenzake kasahau. Wapishi wenzake walipenda kumtega. Wanamfunga kitambaa machoni, wanamwekea chembe za chumvi kiganjani, naye anazitaja moja moja: hii ya bahari, hii ya mawe, hii ya kusagwa ya dukani. Hakukosea hata siku moja. Watu wakicheka, yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Ulimi huo aliurithi kwa baba yake. Mzee alikuwa mpishi wa hoteli enzi zake, na alimwingiza binti yake jikoni angali mdogo, hajui hata kufunga kamba za aproni. Somo la kwanza halikuwa kukata kitunguu wala kuwasha moto. Lilikuwa hili: jikoni, chumvi haikai kwenye pakiti. Kuna mvuke, pakiti inalowa, chumvi inagandamana, na mpishi anayechokoachokoa chumvi kwa ncha ya kisu huku sufuria inafoka ni mpishi wa kuonewa huruma. Kwa hiyo chumvi ikiingia tu, pakiti inachanwa, chumvi inamwagwa kwenye kopo la mfuniko, pakiti inatupwa. "Yaliyoandikwa huko ni ya wauzaji," mzee alikuwa akisema. "Sisi tunaonja." Lishike hilo la pakiti, maana ndilo lililoleta balaa lote.

Mzee alipofika miaka sabini na tisa, presha ilimpanda. Baada ya presha zikafuata figo. Muuguzi wa kliniki alimkalisha Ulimi kwenye benchi, akamweleza polepole, kama mtu anayejua anaongea na mbishi. Figo za mzee zimechoka, zinafanya kazi robo tu. Chumvi apunguziwe, kwa siku nzima isizidi nusu kijiko cha chai. Na si chumvi peke yake. Kuna kitu kinaitwa potasiamu, kimo kwenye vyakula vingi, sisi wazima kinatufaa, lakini figo za mzee haziwezi kukitoa. Kikijaa kwenye damu, moyo unasimama. Kwa hiyo ndizi basi, machungwa basi, na viazi vichemshwe mara mbili, maji yote yamwagwe.

"Moyo unasimama?" Ulimi aliuliza.

"Unasimama, mama. Wala haubishi hodi."

Ulimi aliyaweka maneno hayo kichwani yote, neno kwa neno. Siku za mbele yangemrudia hivyo hivyo.

Wakati ule mzee alikuwa akikaa kwa mwanawe wa kiume, mdogo wake Ulimi. Huyu alikuwa fundi wa friji, mtu mpole, ukimkanyaga mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Na huyu hakuwa tatizo. Tatizo, kwa macho ya Ulimi, lilikuwa wifi yake. Wifi alikuwa karani kwenye ofisi ya bima, mwembamba, msafi, simu haimtoki mkononi, na chochote alichokisoma kwenye simu hiyo kwake kilikuwa kweli tupu. Mwaka uliopita ilikuwa maji ya tango kila alfajiri, nyumba nzima ikakesha chooni. Mwaka huu ilikuwa chumvi ya waridi. Alikuwa nayo kwenye mtungi wa kioo, juu ya meza, chembe kubwakubwa zenye rangi ya fizi za mtoto.

"Hii ina madini themanini na nne, wifi," alisema Jumapili moja, akimnyunyizia mzee kwenye yai. "Inashusha presha. Ile nyeupe yetu tuliyoizoea wameipitisha kwenye mitambo mpaka imebaki sumu."

"Themanini na nne," Ulimi akarudia, midomo kaibenua. "Umeyahesabu?"

"Wameyahesabu wataalamu."

"Wataalamu gani? Wa kwenye simu?" Ulimi akauvuta mtungi, akatia kidole, akaonja. "Hii ni chumvi ya mawe, mama wee. Mimi nimeijua hii kabla hujaota meno. Imetiwa kutu kidogo ikapata rangi, basi, wajanja wakapata pa kukuibia. Chumvi ni chumvi! Na hii yako haina hata madini joto, mtaota rovu shingoni humu ndani, nyote watatu."

Hapo kwa kweli Ulimi alikuwa na haki. Madini hayo ya wifi ni chembe tu, huwezi kupata faida yake mpaka ule chumvi ya kukuua. Tatizo la Ulimi ni kwamba alikuwa na haki na mdomo pia. Siku hiyo alikuwepo baba mdogo, mdogo wake mzee, mwalimu mstaafu ambaye hadi leo akiongea unajikuta umekaa wima. Mbele yake, mbele ya mzee mwenyewe aliyekuwa anatafuna yai lake kimya, Ulimi alisimama akapiga meza.

"Nyie mtamuua baba na chumvi zenu za kwenye simu! Nasema mbele ya watu, asije mtu akasema sikusema. Mtamuua!"

Wifi machozi yakamtoka. Mdogo mtu akasema, "Dada, basi." Baba mdogo akatikisa kichwa, akimtazama wifi, si Ulimi. Wiki iliyofuata mzee alihamishiwa kwa binti yake, na begi moja na redio.

"Mimi nimekula chumvi nyingi," mzee alisema akiwa garini, maana mzee naye alipenda mzaha. "Popote mtakaponiweka nitakaa. Ila msinivutane hivi, nitachanika."

Ulimi aliishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba viwili. Wanawe walishaondoka, mume alishakufa. Alitoka kwenda kantini alfajiri akarudi saa nane, na chakula cha mzee alikiacha kwenye hotipoti mezani, kimefunikwa kitambaa. Alimtunza baba yake vizuri, hilo hata adui yake atakwambia. Lakini tuseme ukweli. Angeweza kumpikia kwa chumvi ile ile ya kawaida, kidogo, kwa kijiko cha kupimia, kama alivyoambiwa na muuguzi, na mambo yakaisha. Kumbe kumchukua mzee hakukumtosha. Alitaka wifi aone. Alitaka naye aweke mezani chumvi yake, iliyo bora kuliko ile ya waridi, ili huyo karani ajue kati yao nani anajua jiko.

Aliipata kwenye duka kubwa karibu na kiwanda. Pakiti ya kijani, mbele imechorwa moyo mwekundu, na maandishi makubwa: sodiamu nusu.

"Hii ndiyo wanayochukua watu wa presha siku hizi, mama," alimwambia muuzaji aliyekuwa akipanga rafu. "Ule ubaya wameutoa nusu."

Mpishi yeyote mwenye akili zake angeuliza: wametoa nusu, haya, na mahali pa hiyo nusu wameweka nini? Maana pakiti imejaa. Ulimi hakuuliza. Kichwani alikuwa ameshamwona wifi amenywea kwenye kiti. Akaenda nayo nyumbani, akaichana, akaimwaga kwenye kopo la bati lililokuwa karibu na jiko, pakiti akaitupa. Upande wa nyuma hakuutazama. Hajawahi kuutazama upande wa nyuma wa pakiti yoyote tangu azaliwe.

Jumapili akawaita wote. Alikuwa amejiandaa kama anaingia kwenye mtihani wa ufundi. Mezani visosa vitano: chumvi ya dukani ya kusagwa, chumvi ya bahari ya chenga, chumvi ya mawe, ile ya waridi ya wifi, na ya tano ile ya pakiti ya kijani. Kando yake mzani mdogo wa jikoni na bakuli la viazi, amevichemsha mara mbili, maji kamwaga yote, kama muuguzi alivyosema. Akaanza na mzani. Kijiko cha chumvi laini, kijiko cha chumvi ya chenga. Ya chenga ikawa nyepesi.

"Umeona?" akamwambia wifi. "Watu wanasema ya chenga haikolei sana, ni laini kwa mwili. Uongo! Ni nafasi tu kati ya chenga na chenga. Zipime uzito sawa, zote ni mtu na ndugu yake. Mwili haujui rangi wala haujui umeichimba wapi."

Kisha mzee akapewa kazi ya kuonja. Hapo mzee alichangamka. Alivaa miwani ambayo haikuwa na kazi yoyote katika kuonja, akachovya kipande cha kiazi kisosa cha kwanza.

"Hii nimepikia maisha yangu yote." Cha pili: "Hii inakwaruza. Nzuri kwa nyama, mwisho kabisa, ikishatoka motoni." Cha tatu: "Hii ina vumbi." Alipofika kwenye ya waridi alitafuna, akafumba macho, akafumbua. "Hii ni ile ya tatu imevaa gauni."

Wote wakaangua kicheko, na wifi naye akacheka mpaka akafuta macho. Ukitaka kujua, ile ndiyo mara ya mwisho familia ile kucheka pamoja.

Mzee akachovya kisosa cha tano. Akatafuna mara mbili, akaacha. Akakitoa kile kiazi, akakiweka kwenye ukingo wa sahani.

"Hii siyo chumvi," alisema.

"Ni chumvi, baba. Ni ya wagonjwa wa presha."

"Ina uchungu. Huku nyuma, inakuja baadaye. Kama umelamba betri." Akamsogezea binti yake kisosa. "Onja mwenyewe."

Ulimi akaonja. Na nisikufiche: aliusikia. Aliusikia uchungu ule vizuri kabisa, nyuma ya ulimi, mkali, wa chuma, usio na kazi kwenye chumvi. Huyu ni mwanamke aliyewahi kumwaga sufuria nzima ya maharagwe ya watu mia kwa sababu mafuta yamechacha kidogo, na hakuna mwingine jiko zima aliyekuwa amesikia. Ulimi wake ulimwambia kuna kitu humu. Lakini wifi alikuwa anamtazama, mdogo wake anamtazama, na ushindi ulikuwa tayari mezani.

"Utazoea, baba," alisema.

Mzee alimtazama binti yake. Kisha akavua miwani, akaikunja. "Haya, mama. Wewe ndiye mpishi sasa."

Wifi alikubali kushindwa kwa adabu. Wakati wa kuondoka aliomba jambo moja tu, sauti ya chini: kwamba awe anamletea mzee mboga kila Jumamosi, na atie chumvi yake ya waridi kidogo tu, chembe mbili tatu. "Lete, wifi, lete," Ulimi akasema, maana siku hiyo alikuwa mkarimu. Aliyeshinda hakosi ukarimu.

Ikapita wiki moja, ya pili, ya tatu. Mzee alikuwa akilalamika, lakini kwa upole, kama mpishi anayemlalamikia mpishi mwenzake.

"Mama, chakula chako kina uchungu."

"Ni hizo dawa, baba. Zinaharibu ulimi."

"Nipikie bila chumvi basi. Weka limau."

"Chakula bila chumvi utakula? Wewe?"

Na kwa kuwa ubaya ulikuwa nusu, mkono wa Ulimi ulikuwa mwepesi. Nusu kijiko cha muuguzi kilikuwa kimekuwa kijiko kizima, kisha kijiko na kidogo, kwa hesabu kwamba yote yale ni sawasawa. Pakiti ya kwanza ikaisha, akanunua ya pili, akaimwaga kwenye kopo lile lile. Ndizi hakuingiza nyumbani hata moja. Jirani alipoleta machungwa aliyarudisha, jirani akanuna. Na viazi, kila jioni, alivichemsha, akamwaga maji, akavichemsha tena, akamwaga maji. Alisimama pale kwenye sinki mvuke ukimpiga usoni, akijisifu moyoni kwamba hakuna binti mwingine anayejali kiasi hiki. Kisha alifungua kopo, akarudisha kwa kijiko kitu kile kile alichokuwa amekimwaga.

Wiki ya nne mzee alianza kuchoka. Vidole vilimfa ganzi. Akiinuka kitini miguu inagoma. Jumatatu alimwambia binti yake, mkono uko kifuani: "Moyo wangu unaruka kamba, mama. Unaruka, unakosa, unaruka." Alikuwa anatabasamu, basi Ulimi naye akatabasamu. Kliniki ilikuwa Alhamisi. Akasema tutamwambia daktari Alhamisi.

Jumanne asubuhi mzee alishindwa kuinua kikombe. Ulimi hakwenda kantini, kwa mara ya kwanza tangu azike mume. Wakamkimbiza hospitali, mdogo mtu anaendesha, wifi nyuma amempakata mzee kichwa. Kufika saa nne walikuwa wamemwekea waya kifuani. Saa sita kasoro alikuwa amekufa. Mzee aliyepika hotelini miaka arobaini, chakula chake cha mwisho duniani kilikuwa uji ambao hakuumaliza, kwa sababu ulikuwa mchungu.

Daktari aliyetoka kuzungumza nao alikuwa binti mdogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alisema potasiamu kwenye damu ya mzee ilikuwa imepanda mno, moyo haukuweza. Alisema figo zake zisingeweza kuitoa. "Kuna kitu alikuwa anakula kilichompa nyingi. Matunda, dawa za mitishamba, au hizi chumvi za siku hizi. Nyumbani mlikuwa mnatumia nini?" Kabla hajajibiwa akaitwa ndani mbio, mgonjwa mwingine, na hakurudi.

Chumvi za siku hizi. Vichwa vyote vikageuka upande mmoja, kwa wifi; kisosa cha tano hakuna aliyekikumbuka.

"Si ulisema ina madini?" Baba mdogo alimwuliza wifi. Hakupandisha sauti, na hicho ndicho kilichotisha. "Themanini na ngapi vile?"

Wifi akamgeukia. "Chembe mbili tatu tu, baba. Jumamosi tu. Sikujua."

"Dada alisema," mdogo mtu akasema. Alikuwa anatazama sakafu. "Dada alisema tangu mwanzo."

Nisimsingizie Ulimi: wakati ule hakujua. Na nisimtetee: alifurahi. Baba yake amelala mlango wa pili, hajapoa, na ndani ya kifua cha huyu mwanamke, chini ya kilio chote kile, kilio cha kweli, palikuwa na kitu kidogo kinachosema, nilisema mimi. Alilia akikisikia. Aliendelea kulia nacho.

Walizika siku ya pili. Siku mbili baada ya mazishi watu walikuwa bado wamejaa nyumbani kwa mdogo wake, na kazi ya kuwapikia ilikuwa ya Ulimi, nani tena. Chumvi iliisha. Akaenda yeye mwenyewe kwenye lile duka, kwa kuwa alitaka kutembea peke yake kidogo. Alipofika kwenye rafu mkono ulienda kwenye chumvi ya kawaida, kisha jicho likakutana na ule moyo mwekundu. Akaichukua pakiti ya kijani, bila sababu, labda kwa kuwa ilikuwa ya mzee. Akaigeuza.

Herufi zilikuwa ndogo, ilimbidi aisogeze kwenye taa. Kloridi ya potasiamu, nusu. Chini yake, ndani ya kijisanduku: wenye ugonjwa wa figo wasitumie bila kumwuliza daktari.

Akasoma. Akasoma tena, kidole kiko chini ya kila neno, kama mtoto wa darasa la kwanza. Potasiamu. Ilikuwa ni lile lile neno la benchi la kliniki. Akakumbuka sinki, mvuke, maji ya viazi yakishuka kwenye tundu. Akakumbuka kile kiazi mzee alichokiweka ukingoni mwa sahani. Akakumbuka uchungu, na huo haukuhitaji kukumbukwa, ulikuwepo pale pale nyuma ya ulimi.

"Mama, nikuwekee hiyo?" muuzaji yule yule akauliza.

"Niwekee," akasema. "Na ile ya kawaida, mbili."

Aliinunua ili aiweke mezani mbele ya watu. Hiyo ndiyo nia aliyotoka nayo dukani, na njia nzima alikuwa nayo. Alipofika alikuta wanaume wamekaa sebuleni, baba mdogo katikati. Mdogo wake alikuwa kwenye kiti kile kile alicholalia tangu siku ya hospitali, maana chumbani kwa mkewe hakuingia tena. Wifi amesimama mlangoni, mikono mbele, kama mtu aliyeitwa na polisi.

"Hatusemi ulikusudia," baba mdogo alikuwa anasema. "Hakuna anayesema hivyo. Lakini mkono wako hatutaki kuuona kwenye chakula cha familia hii. Na kwa sasa ni bora urudi kwenu, mpaka mumeo atulie." Akamwona Ulimi. "Afadhali umekuja. Wewe ndiye mwenye ujuzi, na ndiye uliyetuonya tukapuuza. Una la kusema?"

Mkoba ulikuwa begani. Pakiti ndani yake ilikuwa inamgusa mbavu. Watu kumi na mbili wakamtazama kwa heshima ile ambayo maisha yake yote hakuwa ameipata nje ya jiko.

"Sina la kuongeza, baba mdogo," alisema. Akaenda jikoni.

Wifi alimfuata. Alifunga mlango, akasimama karibu na sinki. Alikuwa amekonda ndani ya siku nne.

"Wifi," alisema. "Wao hawajui chochote, wanasema tu. Wewe unazijua chumvi zote, hata kwa macho yaliyofungwa. Mimi naomba uniambie. Ukiniambia si mimi, nitakuamini, nitabaki hapa nipigane nao wote. Ukiniambia ni mimi, nitachukua nguo zangu sasa hivi. Sitakuchukia. Niambie tu ukweli."

Ulimi alikuwa na kijiko mkononi. Maneno yalikuja, yalifika mpaka kwenye meno. Yalikuwa maneno mawili matatu tu: ni mimi, wifi. Alimwona baba mdogo atakavyogeuza kichwa. Alimwona mdogo wake, yule mpole asiyejua hata kukasirika, atakavyomtazama. Aliwaona wapishi wa kantini, na kitambaa kile cha kufunga macho, na jina lake.

"Watu wanangoja chakula," alisema. "Peleka sahani."

Wifi alisubiri kidogo, labda neno jingine litafuata. Halikufuata. Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyesomewa hukumu akaielewa. Akachukua sahani akazipeleka. Alipomaliza akafungasha. Kabla jua halijazama alikuwa ameondoka, na ule mtungi wa kioo aliuacha kwenye ndoo ya taka, nusu umejaa.

Ulimi alipobaki peke yake aliitoa pakiti ya kijani kwenye mkoba. Akaichana, akaimwaga chumvi yote kwenye sinki, akafungulia maji mpaka ikaisha. Pakiti akaikunja ndogo, akaitia kwenye jiko, moto ukaila moyo kwanza.

Siku hizi mdogo wake anakuja kula kwake kila jioni. Hana anayempikia, na mwezi uliopita walimpima wakamkuta na presha, imo kwenye ukoo. Anakaa kwenye kiti cha baba yake, anaweka simu kando, anangoja. Juzi aliona pakiti ya chumvi ya kawaida imesimama karibu na jiko, imekatwa kona, imelowa na kugandamana, dada yake anaichokoa kwa ncha ya kisu.

"Dada, kopo la chumvi liko wapi?"

"Lilitoboka," Ulimi alisema.

Akampakulia. Mdogo mtu alionja, akafunga macho kidogo, kama alivyokuwa akifanya mzee.

"Unajua," alisema, "duniani humu nimebaki na mkono mmoja tu ninaoweza kula bila wasiwasi."

Akala yote, akafuta sahani, akasema asante, dada.